Stuli Katikati ya Barabara

Jumatatu, 8 Mei 1989

Vitunguu vimekauka. Nimefunga magunia mawili na kuyaegemeza mlangoni. Mvua tangu alasiri. Kiuno kinauma.

Mama Barasa, jirani yangu, amepita na habari nisiyoipenda. Basi letu, Subira, halitakuja tena. Lile kuukuu, lililosimama kila aliponyoosha mtu mkono, hata mwenye kuku mmoja. Mwenyewe ameliondoa na kuleta mabasi mapya yanayoitwa Mshale. Kitale mpaka Bungoma, vituo vitano tu. Kila kituo kina jukwaa la matofali lenye kimo cha kizingiti cha mlango wa basi, kwa hiyo unaingia bila kupanda ngazi. Tiketi unakata dirishani kabla. Saa ikifika linaondoka, lijae lisijae.

Nikauliza kama Kona Posho ni kimojawapo cha vituo hivyo vitano. Sicho.

Kwa hiyo sisi wa Kona tutembee mpaka kituo cha Kiminini na magunia kichwani, katika matope haya, ili watu wa Kitale wafike Bungoma kabla chai haijapoa. Nimekasirika mpaka ugali umeungua. Nimeula hivyo hivyo.

Mwalimu wetu pale Mabanga, kwenye mafunzo ya ukulima, alitufundisha kuandika kila siku ya shamba: mvua, mbolea, wadudu. Haya. Leo mdudu ni basi.

Alhamisi, 11 Mei

Aibu ya leo sijawahi kuiona.

Nilikodi mkokoteni wa punda mpaka Kiminini. Nikakata tiketi dirishani. Nikasimama juu ya jukwaa lao. Lazima niseme ukweli, ni zuri. Pana, kavu, limepakwa chokaa. Mshale likaja likasimama sawasawa kama limepimwa kwa kamba. Vijana wakapakia magunia yangu nyuma. Nikaingia.

Dereva ni Simiyu. Mume wa Nekesa wangu.

Nekesa aliniambia mumewe ameacha lori na kupata kazi ya basi. Hakuniambia basi gani, nami sikuuliza. Mlango wa Mshale uko mbele, kando kabisa ya dereva. Kila anayeingia anampitia karibu, unaweza kumgusa bega.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani namna hiyo. Hatushikani mikono. Hatuli meza moja. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Tangu amwoe Nekesa sijawahi kumtazama Simiyu usoni. Leo nilikuwa na pua yake mbele ya pua yangu.

Nikarudi kinyumenyume. Naye akalaza kichwa juu ya usukani na kujifunika uso kwa kofia. Kondakta hakuelewa kitu, ni kijana wa mbali. Akaniambia, "Mama, ingia ama ubaki. Hii haingoji mtu." Ningesema nini? Mbele ya abiria wote? Simiyu naye hakuweza kufungua mdomo. Saa ikafika. Mlango ukafungwa.

Mshale likaondoka na vitunguu vyangu. Mimi nikabaki jukwaani na tiketi mkononi.

Jumapili, 14 Mei

Nekesa amenitumia habari kanisani. Magunia yalishushwa Bungoma, hakuna wa kuyapokea. Mvua. Simiyu aliyafunika kwa koti lake mwenyewe, lakini ratiba ilimtaka ageuke mara moja arudi Kitale. Yalipopatikana, vitunguu vilikuwa vimeloa mpaka katikati.

Simlaumu Simiyu. Alifanya kama mtoto aliyelelewa. Hata mimi nilifanya ipasavyo. Aliyekosea ni yule aliyechora mlango, akaamini kwamba barabara hii haina wakwe.

Namchukia. Nimesema.

Jumanne, 23 Mei

Tumekwenda Kitale, akina mama wa Kona, ofisini kwa mwenye Mshale. Anataka aitwe Mkurugenzi. Mtu mpole, tai shingoni, akatuagizia chai. Chai nzuri yenye maziwa. Nilitamani iwe mbaya ili nimkasirikie vizuri zaidi.

Alitueleza kwamba alisafiri ng'ambo akaona mabasi yanayokimbia kama reli, mji mzima ukisogea kwa kufuata saa ya ukutani. Akasema kasi ya basi haiko kwenye injini, iko kwenye kutosimama. Leo akisimama kwa ajili yetu, kesho atasimama kwa kila mwenye mkungu wa ndizi. Nikamwambia hao wenye ndizi ndio waliomlipia lile Subira mpaka akapata Mshale. Akacheka. Si kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Mama Barasa akamuuliza ni kitu gani hasa Kiminini wanacho ambacho sisi hatuna. Mkurugenzi akasema, "Mama, basi langu linasimama penye jukwaa. Ninyi hamna jukwaa." Akainuka, maana yake twende.

Tumerudi kwa lori la mahindi. Mama Barasa analia. Mimi silii. Neno limeshamtoka yule bwana, na tumelisikia sote. Linasimama penye jukwaa.

Jumamosi, 3 Juni

Nina matofali nyuma ya nyumba. Niliyachoma mwaka jana nijenge jiko jipya. Jiko litangoja.

Tunajenga. Mume wa Mama Barasa ni mwashi, anatuonyesha namna ya kupanga kona, halafu anakaa kivulini na kutukosoa. Kimo nilikwenda kukipima Kiminini. Nilisimama kando ya jukwaa lao nikijifanya nangoja mtu. Linafika katikati ya paja langu. Kwa hiyo kila safu inapoisha, naitwa nisimame hapo. Wanawake wanacheka mpaka wanaangusha udongo. Mama Barasa anasema nikija na viatu virefu, jukwaa litapita mlango wa basi.

Mikono imechubuka. Nina furaha ambayo sijaipata tangu baba Nekesa afariki.

Jumatatu, 12 Juni

Limekwisha. Tumelipaka chokaa jana baada ya ibada. Leo asubuhi tukasimama juu yake, sote tumevaa nguo za soko, vikapu vimepangwa. Mimi nilijificha nyuma ya wengine, kwa sababu ya Simiyu.

Mshale likatokea upande wa Kitale. Likapunguza mwendo. Nilisikia vizuri, injini ilishuka. Halafu kondakta akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, mara mbili, na likakaza tena. Likapita dimbwini. Tukarushiwa matope, sisi na chokaa yetu.

Jioni tukaambiwa na mtu wa Kiminini kwamba madereva wamekatazwa. Kona Posho si kituo halali. Atakayesimama atafutwa kazi.

Nimeketi na hasira yangu mpaka imepoa na kuwa wazo. Wazo lenyewe linanitisha kidogo. Kwa hiyo ni zuri.

Alhamisi, 15 Juni

Nimelifanya.

Nilichukua stuli yangu ya jikoni na mwavuli. Nikaweka stuli katikati ya barabara, mbele kidogo ya jukwaa letu. Nikakaa nimeelekea Bungoma. Mgongo Kitale. Mwavuli nikaufungua nyuma ya kichwa changu.

Hivyo ndivyo mama mkwe anavyopaswa kukaa mkwe wake anapokuja. Simwoni, hanioni uso. Heshima kamili. Hakuna mzee atakayenitoza faini hata ya kifaranga.

Kuketi umeligeuzia basi mgongo si jambo dogo. Unasikia tu. Kwanza kama nyuki mbali. Halafu ardhi inaanza kutetemeka chini ya stuli. Nilisema Baba Yetu mpaka "mkate wetu" nikasahau kinachofuata. Breki zikalia.

Simiyu hakupiga honi. Utampigiaje honi mama wa mke wako? Hawezi kuniambia toka, kwa maana hawezi kusema nami. Hawezi kushuka kuniondoa, kwa maana hawezi kunikaribia. Akazima injini, akashuka kwa mlango wake, akaingia kwenye mahindi na kusimama huko. Nimehadithiwa. Mimi nilikuwa natazama Bungoma.

Kondakta akaja akifoka. Mama Barasa akamwambia kwa upole, "Kijana, huyo ni mkwe wa delefa wako. Wewe mguse uone." Abiria waliposikia neno mkwe, wakaacha kulalamika. Wengine wakaanza kucheka. Akina mama wetu wakapanda kutoka jukwaani na vikapu vyao, taratibu, wakaketi. Nikainuka, nikaingia kwenye mahindi ya upande wa pili. Mshale likaondoka na mzigo wote wa Kona Posho.

Mimi sikwenda sokoni. Nimerudi nyumbani na stuli yangu.

Jumapili, 18 Juni

Nekesa amekuja baada ya kanisa. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea akishika kiuno. Hakukaa.

Ijumaa pia niliketi barabarani, na jana pia. Mkurugenzi amemwita Simiyu ofisini. Amemwambia likitokea tena, kazi imekwisha. Nekesa amesema kwa kina Simiyu wanauliza ni mama gani huyu, na kama ni kweli nilimtazama mkwe wangu. Nikasema sikumtazama, waulize abiria. Akasema hajali nilitazama wapi. Akasema, "Mama, si uache hii maneno. Mimi niko hivi, na wewe unatuvunjia nyumba kwa sababu ya vitunguu."

Ningemwambia kwamba vitunguu ndivyo vilivyomsomesha. Nilimwambia kwamba sijamzuia Simiyu, nimezuia Mshale. Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayeniuzia mbegu mbovu. Akaondoka, chai hajaigusa.

Nimelia nikiosha kile kikombe. Nampenda mtoto wangu. Namhurumia Simiyu. Lakini nikiacha, Mama Barasa atabeba kabichi kichwani mpaka Kiminini kwa miaka yote iliyobaki, na Nanjala wa kule mtoni mwenye mguu mbovu hataona soko tena. Na mimi? Mimi nitauza vitunguu kwa walanguzi wanaokuja mlangoni na bei yao mfukoni.

Siachi.

Jumatatu, 19 Juni

Nimeketi. Simiyu amesimamisha basi mbali zaidi leo, na kuingia mahindini mara moja, kama mtu anayejua njia. Sasa wako abiria wa Kiminini wanaoniletea maandazi. Mmoja aliniuliza kama nimezoea. Mtu hazoei.

Naibu wa chifu alitumwa aje kunitoa. Alipofika na kuuliza kisa, akakumbuka kwamba ana mazishi Naitiri. Naye ana mkwe.

Jioni, habari mbaya. Simiyu amevuliwa funguo. Asitie mguu kazini mpaka aitwe, na huenda asiitwe. Kesho Mshale litaendeshwa na mtu mwingine, wa mbali, asiye na undugu na yeyote barabara hii nzima.

Mama Barasa amekuja kuniomba nisiende. Anasema ngao yangu ilikuwa ni ukwe, na ngao imeondolewa. Ni kweli. Nimemwambia ndiyo, nimekusikia. Sikumwambia sitakwenda.

Jumanne, 20 Juni

Nimekwenda.

Stuli pale pale. Mwavuli. Uso Bungoma, kwa mazoea tu. Wanawake wamesimama juu ya jukwaa.

Nyuki mbali. Ardhi ikatetemeka. Halafu honi. Ndefu, haikatiki. Nikajua kweli si Simiyu. Nilitaka kuinuka. Nasema wazi, miguu ilitaka kuinuka. Nikaishika stuli kwa mikono miwili kama anayezuia kuku asiruke. Honi ikaja, ikaja, ikanijaa kichwani. Mama Barasa akapiga kelele jina langu, lile la kubatizwa ambalo hakuna anayeniita.

Breki. Kokoto zikanigonga mgongoni. Joto la injini likapita kwenye mwavuli mpaka shingoni.

Mlango ukafunguliwa. Viatu vya ngozi kwenye kokoto. Mkurugenzi mwenyewe, amepanda basi lake leo kuhakikisha linafika kwa wakati. Akasimama nyuma yangu akasema, kwa sauti ile ile ya chai, kwamba mama, dereva huyu si mkwe wako, kwa hiyo mchezo umekwisha.

Ndipo nikagundua. Kweli, si mkwe wangu. Wala huyu mwenye viatu si mkwe wangu. Hakuna cha kuficha uso.

Nikafunga mwavuli. Nikainuka, nikaigeuza stuli, nikaketi tena nimewaelekea wote wawili, basi na bwana. Nikamtazama machoni.

"Yule nilimpa mgongo kwa heshima," nikamwambia. "Wewe nakutazama. Ulisema basi lako linasimama penye jukwaa. Jukwaa ni lile. Sasa, dakika mbili hapa kila siku, au asubuhi nzima hapa kila siku. Chagua."

Akatazama saa. Mtu wa saa yule, hata hapo hakuweza kujizuia. Abiria walikuwa wanashuka mmoja mmoja. Muuguzi wa zamu ya asubuhi kule Webuye akapanda juu ya jukwaa letu, akaruka ruka akilijaribu, akamuuliza mwenye basi kwa nini anachelewesha wagonjwa wake kwa kukataa dakika mbili. Wengine wakaunga mkono. Dereva mgeni alikuwa anafuta jasho. Nikamhurumia. Si yeye aliyetaka kumkanyaga mama wa watu.

Mkurugenzi akalisogelea jukwaa. Akalipima kwa macho, akaliwekea kiganja. Akauliza nani aliyetupa kimo. Wanawake wakaangua kicheko.

Akasema atafikiria. Nikasema afikirie, mimi nina stuli. Na nikaongeza kwamba Simiyu arudi kazini, maana kosa lake lilikuwa ni adabu. Akatazama saa tena. Lakini wanawake walipanda, na hakuna aliyewazuia.

Sasa nimelala kitandani na mwili wote unauma kama nimelima ekari. Nimewaza ingekuwaje breki zingechelewa kidogo tu. Sijutii.

Jumatano, 28 Juni

Ubao umeletwa. Umeandikwa KONA POSHO kwa rangi nyekundu, na mshale chini yake. Wamekuja vijana wawili kuusimika, wameuweka umeinama. Mume wa Mama Barasa ameunyoosha.

Mabasi yatasimama, asubuhi na jioni. Simiyu ameitwa kazini. Mshahara wa siku alizokaa nyumbani hakulipwa. Nimempelekea Nekesa debe la mahindi na kuku kwa mkono wa Mama Barasa. Debe limerudi tupu, limeoshwa. Hakuna neno ndani yake. Imeniuma zaidi ya honi.

Jumatatu, 10 Julai

Mvua ya usiku. Asubuhi safi. Mahindi yanatoa mbelewele.

Tumesimama jukwaani. Nilikuja na gunia langu la kwanza tangu yale ya Mei. Nikijua kwamba nitabaki. Hilo sijaliandika hapa wiki hizi zote, kwa kiburi. Kituo tumekipata, lakini mlango bado uko kando ya dereva, na asubuhi dereva ni Simiyu. Nimepigania mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kupandia. Nilikuwa nimeshapanga kumpa Mama Barasa gunia aniuzie.

Mshale likasimama. Nikageukia mahindi. Nikasikia wenzangu wakiingia mmoja mmoja, Nanjala na mguu wake akiingia bila kuinuliwa na mtu. Halafu Mama Barasa akaniita niangalie, haraka, dakika mbili si nyingi.

Nikachungulia kwa pembe ya jicho. Nyuma ya kiti cha dereva, na ubavuni mwake mpaka mlangoni, imetundikwa leso kwenye kamba, kama pazia. Leso ya njano yenye picha za korosho. Mimi ndiye niliyeinunua, Bungoma, nikampa Nekesa wiki aliyoolewa.

Nikaingia. Nilipita kando ya leso nikitazama viatu vyangu. Upande wa pili mtu alikuwa amebana pumzi. Kondakta akanichukulia gunia. Nikaketi kiti cha mwisho kabisa. Kile kioo cha kutazamia abiria kilikuwa kimegeuzwa juu, kinaangalia dari.

Hatukusalimiana. Basi likaondoka kwa wakati. Nimeuza vitunguu vyote kabla ya saa sita, na nimemnunulia mtoto anayekuja shali nyeupe.